Tupeane uzoefu: Gemu limejaa, na kifaa cha kuongeza nafasi bei yake haishikiki

Mwana Sinza: Wakuu, jana dogo kafuta gemu kwenye Xbox Series S ili aingize jingine, roho ikaniuma. Mashine imeandikwa GB 512, ukiiwasha unabaki na kama 364. Kadi yake ya kuongeza nafasi, ya Seagate, TB 1, ilitoka 2020 kwa dola 220, wakati mashine yenyewe ilikuwa dola 299! Wanasema ni hiari. Kwa mwenye faiba sawa, anafuta leo anashusha kesho. Sisi wa bando, kila gemu unalofuta ni hela umechoma. Mashine itoke dukani na nafasi ya kueleweka. Nani yamemkuta?

Mtoto wa Mbagala: Naunga mkono hoja. Call of Duty peke yake inapita GB 100.

Kaka Pedi: Nyie mnalia na GB, sisi tulilia na MB. Memori kadi ya PS2, MB 8, unanunua pembeni. Kibanda cha gemu pale Tandika, kadi ya ofisi ilikuwa ya kila mtu, kwa hiyo bro wangu akanunua yake Kariakoo, anaivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Humo kuna Masta Ligi ya Winning Eleven, gemu la mpira, timu kaijenga kuanzia wachezaji wa kuanzia nao, kina Castolo na Minanda mpaka anachukua makombe yote. Siku hiyo mama akamwita nyumbani mara moja, kadi ikabaki kwenye mashine. Jamaa mwingine akataka kusevu. Maandishi yote Kijapani, kijana wa kibanda akamwambia bonyeza duara. Bro anarudi, anafungua, anamkuta Castolo kasimama mbele, timu yake yote imefutwa. Hakusema neno. Alikwenda ukutani akang'oa waya wa ekstensheni, tivii zote zikazima, na watu wamelipia! Ngumi zilizopigwa pale hadi mjumbe akaitwa.

Binti Temeke: Usituache hewani. Mjumbe aliamuaje?

Mtoto wa Mbagala: Chai hii.

Kaka Pedi: Chai kunywa kwenu. Mjumbe alisema bro acheze bure mwezi mzima. Bro akagoma, akasema Masta Ligi hailipwi kwa kucheza bure. Mpaka leo yule kijana hampi mkono.

Binti Temeke: Yuko sahihi kabisa.

Fundi Mwenge: Turudi kwenye mada. Xbox ya kwanza, 2001, kila moja ilikuja na hadi diski (hard disk, ya kuhifadhia) ndani. 2005 wakatoa Xbox 360 Core haina, unanunua pembeni. Matokeo yake watengeneza gemu hawakuweza kuitegemea hadi diski, kwa sababu sio kila mtu alikuwa nayo. Hata aliyelipia yenye diski aliumia.

Mzee wa Xbox: Acha chuki. Core ilikuwa dola 299, yenye GB 20 dola 399. Mtu wa hali ya chini alipata pa kuanzia.

Fundi Mwenge: Pa kuanzia hata kusevu huwezi mpaka ununue kadi? PS3 ya 2006 zote zilikuja na diski, na ikijaa unaweka ya laptopu, maisha yanaendelea. Huo ndio uungwana.

Mzee wa Xbox: Na bei ya PS3 mbona huitaji?

Binti Temeke: Cheza bao, halijai.

Fundi Mwenge: Mwana Sinza, sikiliza. Chukua hadi diski ya USB ya kawaida. Gemu za zamani, za Xbox One, zitacheza humo humo. Za Series S hazichezi kutoka huko, ila unazihifadhi, ukizitaka unazirudisha ndani bila kugusa bando. PS5 nayo hivyo hivyo, ila yenyewe ina sloti ya M.2, tundu la kuongezea hifadhi ndani, ilifunguliwa Septemba 2021. Unaweka SSD (hifadhi ya kasi) ya Gen 4 yenye kipoza joto.

Mtoto wa Mbagala: Asinunue kitu, auze achukue PS4.

Mwana Sinza: Siuzi. Fundi, hiyo ya USB TB 1 kwa sasa bei gani?

Fundi Mwenge: Njoo PM. Na ukipewa flashi ya TB 2 kwa bei ya chipsi mayai, kimbia.

Binti Temeke: Kaka Pedi, kadi yenyewe bado anayo?