Mlango wa draya unagongana na mlango wa choo: wenye uzoefu nisaidieni

Mama Pacha:
Wapendwa, habari za Jumapili. Mwenzenu nimeletewa barua ya pili na ofisi ya nyumba. Ya kwanza mnaikumbuka, ilikuwa nguo kwenye roshani, kile kifungu chao cha "mwonekano wa jengo". Nikahamia kuanika ndani, ukuta wa chumba cha watoto ukaota ukungu. Mkaguzi akaja na kale kamashine kao ka kupimia unyevu, akaandika kosa ni la mpangaji. Haya, nikanunua draya ya mtumba, yaani mashine ya kukaushia nguo, ile ya bomba la kutolea hewa yenye unyevu nje, nikajaza fomu ya mabadiliko kuomba kutoboa ukuta. Wamekataa, na nimepewa siku kumi niwe nimeiondoa.

Sasa nanunua nyingine, na safari hii sitaki kujikwaa kwenye mlango. Pa kufulia pangu pana upana wa sentimita 130. Mashine ya kufulia iko kushoto, draya kulia, na mlango wa choo unafungukia hapo hapo mbele. Hii niliyo nayo bawaba zake ziko kushoto, kwa hiyo mlango ukifunguka unasimama katikati ya mashine mbili kama askari wa geti. Nguo mbichi nazirusha juu yake, soksi zinaishia sakafuni. Naomba kuuliza jambo moja tu: nitafute yenye bawaba kulia, au ile ambayo mlango unashuka chini kama wa oveni?

Fundi:
Shikamoo dada. Mlango utakuja baadaye. Kwanza achana kabisa na mambo ya bomba. Kuna za kondensa na kuna za pampu ya joto, zote zinakusanya maji kwenye kidumu chake ndani, ukuta hauguswi. Chukua ya pampu ya joto. Umeme inakula kama nusu ya zile nyingine, na haichomi nguo kwa sababu moto wake ni wa chini. Ila ujue inachelewa, taulo za pamba zinaweza kwenda saa mbili na zaidi. Na ikiletwa imelazwa kwenye gari, isimamishe wima ikae saa kadhaa kabla hujaiwasha. Watu wanaua kompresa, ile mota yake kama ya friji, siku ya kwanza kwa papara, halafu wanakuja hapa kulalamika.

Jirani wa Chini:
Mimi ya bomba nalitolea dirishani na sijawahi kuandikiwa barua. Mnajitakia fomu.

Fundi:
Jirani, usimfundishe mwenzio hayo. Bomba refu lililopindapinda linajaa nyuzi za nguo, na zile nyuzi zinashika moto upesi mno. Lini mara ya mwisho umelisafisha?

Mzee wa Baraza:
Dada kauliza mlango, nyie mnamhutubia kompresa.

Mimi ninayo ya mlango wa kushuka. Uzuri wake, nguo ikidondoka inaangukia mlangoni, haifiki sakafuni, na kikapu unakiegesha hapo hapo. Ubaya wake ni mgongo. Mlango ukishuka unakusukuma nyuma, hivyo kufikia soksi iliyobaki mwisho wa pipa unainama juu yake mpaka kiuno kinalia. Kwa umri wangu nimepata kijiti cha kuvutia. Halafu mjukuu akaugeuza benchi. Bawaba ikapinda, mlango haukubana tena, na draya isipohisi mlango umefungwa haizunguki hata uibembeleze. Nilikaa wiki mbili nasubiri kipuri huku suruali zimetandazwa kwenye viti.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Shikamooni wote. Mbona hakuna aliyesema kwamba draya nyingi bawaba zinahamishika? Yangu ilikuja inafungukia kushoto, nikaigeuza mwenyewe usiku mmoja. Unachomoa plagi, unafungua skrubu za bawaba, unahamisha kile kindoano cha kubania na vile vifuniko vya matundu upande wa pili. Skrubu weka kwenye kikombe, zangu mbili zilimezwa na zulia. Mama Pacha, huenda hata hiyo uliyonayo ingegeuzika.

Fundi:
Si zote. Tafadhali tusidanganyane. Nyingine zimetengenezwa za upande mmoja tu, ukilazimisha unavunja plastiki. Kijitabu chake kinasema. Na mtu asije akajaribu kwenye mashine ya kufulia, kule kuna kufuli la umeme na mpira wa kuzuia maji.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Nimesema "nyingi", kaka. Soma.

Shemeji wa Ghorofani:
Kwa nini usiibebeshe juu ya mashine ya kufulia? Nafasi yote ya kulia inabaki wazi. Ila lazima ununue fremu ya kuziunganisha inayolingana na hizo mashine. Usiweke draya juu hivi hivi, mtikisiko wa kukamua utaishusha. Halafu angalia kidumu cha maji kiko wapi. Changu kiko juu kabisa, nami Mungu hakunipa urefu. Nakivuta nimesimama kwenye stuli, maji yanashuka mpaka kwenye mkono wa sweta. Siku hizi nimeunga mpira wa kutolea maji moja kwa moja kwenye sinki, nimepona.

Mzee wa Baraza:
Hebu tusimame kidogo. Mtu mzima na akili zake anajadili saa mbili za kukausha taulo. Nyumbani jua lilikuwa linafanya kazi hiyo bila fomu. Unaanika, ukigeuka nguo zimekauka kama mbao, na wingu likijitokeza mtaa mzima unaitana, "Anueni! Anueni!" Mtu anakuanulia na zako hata kama jana mligombana. Hapa jirani akiona nguo zako anapiga simu ofisini. Na hiyo ofisi itatuogopa vipi, wakati mkutano wa wapangaji tunahudhuria watatu? Wanaopangiwa ni sisi, wanaopanga ni wale waliofika.

Jirani wa Chini:
Mzee, mkutano uliopita wewe mwenyewe hukuja.

Mzee wa Baraza:
Nilikuwa nasubiri kipuri.

Mama Pacha:
Asanteni jamani. Nimesoma kijitabu cha hii ya bomba usiku kucha, kinasema mlango wake hauhamishiki, basi. Ile ya pampu ya joto nimeiona moja ina taa ndani ya pipa na chujio liko pale pale mdomoni, nimeipenda, lakini tangazo halisemi bawaba ziko wapi na picha imepigwa mlango umefungwa. Nimebakiwa na siku sita. Bado naomba mwenye mlango wa kulia anijibu: ukifunguka wote unalala kabisa ubavuni, au unagota njiani?

Jirani wa Chini:
Dada, hiyo ya bomba unaiuza?