Mume wangu mzamiaji ameanza kusahau: ni bahari au ni jambo jingine?

MkeWaMbaharia: Asalaam aleikum ndugu zangu. Mume wangu ana miaka 43, anazamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya hewa tangu 2008, huku kaskazini Unguja. Hushuka mita 35 mpaka 45, mara tatu nne kwa siku, na mtungi ukikaribia kwisha hupanda mbio. Mara mbili miguu imemfa ganzi. Wenzake wakamkanda, wakamrudisha majini, ikaondoka.

Sasa ni kichwa. Juzi alirudi msikitini baada ya Alasiri, akakaa kidogo, akainuka kutia udhu ili akasali Alasiri. Mwanawe akamwambia, "Baba, si tumetoka kusali sasa hivi?" Akasimama kimya, kopo mkononi, maji yanamwagika miguuni. Kwao wanasema kachezewa na wa baharini. Tajiri wa chombo anamtaka maji mafu yajayo. Nimzuie?

NahodhaVanga: Pole sana dada. Mzuie. Mimi nilizamia miaka 11, leo natembea na mkongojo. Mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu, na daktari alisema chanzo ni kule chini. Na hiyo ya kumrudisha mgonjwa majini muiache kabisa, nimeona mtu akizidiwa hukohuko.

MuuguziMstaafu: Bibi, ngoja nikueleze taratibu. Kila ukishuka mita 10 mgandamizo huongezeka, ukifika mita 40 ni mara 5 ya huku juu. Naitrojeni ya mtungini huingia kwenye damu na mafuta ya mwili, na ubongo na uti wa mgongo vina mafuta mengi. Ukipanda polepole hutoka kwa pumzi. Ukipanda mbio hugeuka vipovu humohumo mwilini, vikaziba mishipa midogo. Tena takriban mtu 1 kati ya 4 ana kitundu moyoni kilichobaki tangu tumboni mwa mama, nacho huweza kupitisha vipovu kwenda kichwani.

Kwa anayefuata taratibu na hajawahi kuugua, wataalamu bado wanabishana kama ubongo unadhurika. Mumeo si huyo. Ganzi ile ilikuwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, mara mbili, bila tiba. Wazamiaji wa visima vya mafuta baharini wa Norway walilalamika miaka mingi kuhusu kumbukumbu; serikali yao ikawalipa fidia, na mwaka 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema hawakupewa habari za kutosha kuhusu jedwali za kupandia, yaani zile zinazoonyesha mtu apande polepole kiasi gani.

Lakini msibebeshe bahari kila kitu. Apimwe sukari, presha, tezi ya shingo, vitamini B12, aulizwe na usingizi wake. Daktari akiona haja atampeleka MRI, ile picha ya ndani ya ubongo. Chemba ya oksijeni, kile chumba cha mgandamizo anamotibiwa mzamiaji, ni ya kukimbiliwa siku ileile dalili zinapoanza. Kwa madhara ya miaka usiitegemee sana.

Mswahili_Muscat: Shemeji, huwa anaumwa kichwa akitoka majini? Mkaangalie kompresa inayojaza mitungi. Ikivuta moshi wa injini, mnajaza sumu, na chini ya mgandamizo sumu ile huzidi makali. Nayo hula ubongo.

MkeWaMbaharia: Subhanallah. Kila siku anarudi anaumwa kichwa, nami nampa Panadol. Nimemwuliza bomba la kuvutia hewa liko wapi, kasema ubavuni mwa ekzosi. Nimemsomea yote mliyoandika. Nilipofika "mara tatu nne kwa siku" akanikata: "Andika tano." Hakuwahi kuniambia.

Tajiri nimemjibu mimi mwenyewe, haendi. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja.

MuuguziMstaafu: Mola awatangulie. Usiku huu kaeni muandike kwenye karatasi: miaka, kina, mara ngapi, zile ganzi mbili zilikaa muda gani, na hiyo kompresa. Daktari asipoambiwa hatauliza. Na karatasi uishike wewe, bibi.