5D Mark II au 6D: chenga za ISO 6400 zinapishana kweli?

BintiNgamiani
Wakuu, habarini. Napiga picha za harusi na maulidi hapa Tanga, nyingi ni za usiku, ndani, taa mbili tatu za ukutani basi. Kwenye maulidi situmii flashi kabisa. Watu wanasoma, huwezi kuwamulika usoni. Kamera yangu ni Canon 550D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nikipandisha ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga ilioupata) hadi 3200, buibui zinajaa chenga, yaani punjepunje kwenye picha, na weusi wake unageuka zambarau yenye madoadoa. Juzi mteja aliangalia picha ya mama yake akaniuliza kama niliipiga kwa simu. Iliniuma.

Kuna kamera mbili za Canon zinauzwa, zimetumika: 5D Mark II ya 2008 na 6D ya 2012. 6D imezidi bei kwa kiasi cha kazi mbili za harusi. Mark II inaishia ISO 6400 bila kuongezewa, 6D inafika 25600. Je, ni kweli mwanga mara nne? Nimekuza picha za zote mbili asilimia 100 nikabaki njia panda. Mfungo sita unakaribia, nisaidieni.

Fundi_wa_Giza
Dada, namba hiyo ya mwisho ya ISO haipimi chenga. Inasema tu kiwanda kimeridhika kukuruhusu kufika pale.

Chenga nyingi zinatoka kwenye mwanga wenyewe, unaoanguka kama matone. Panga vikombe uani wakati wa rasharasha: vinavyotarajiwa kupata matone 100 vitapishana kwa kama 10, yaani asilimia 10. Vya matone 10,000 vitapishana kwa 100, asilimia 1 tu. Hakuna sensa (kipande cha kamera kinachopokea mwanga) ya mwaka wowote inayofuta hilo, dawa ni kukinga matone mengi zaidi. Ndiyo maana sensa kubwa ya 2008 bado inaishinda ndogo ya 2010. Ya 550D ina kama milimita za mraba 330, hizo mbili zinapita 850.

Kizazi cha kamera kinajionyesha kwenye vivuli, kwa sababu pale mwanga ni haba na chenga za umeme wa kamera ndizo zinazobaki. Ukiinua vivuli vya Mark II, yaani ukivifanya ving'ae zaidi kwenye kompyuta, utaona michirizi. Jicho linavumilia chenga zilizotawanyika, lakini mstari linauona hata kwa mbali. 6D hapo ni safi zaidi.

Jaribu hivi: tripodi, lenzi ileile, f (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kasi ya shata zilezile, piga RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaisugua), kisha punguza picha zote ziwe na ukubwa mmoja. JPEG usiilinganishe, kila kamera inazisugua chenga kwa namna yake.

MzeeLenzi
Mwanangu, kabla ya kununua kamera, azima lenzi ya 50mm f/1.8. Lenzi yako ikivutwa hadi 55 inafunguka f/5.6 tu. Toka hapo hadi f/1.8 unapata mwanga karibu mara kumi, ISO 3200 yako inashuka hadi kama 400. Hakuna hatua ya kizazi itakayokupa hivyo. Ila msomaji wa mbele akiwa mkali, wa safu ya nyuma atafifia. Na kwenye 550D hiyo 50 inaona kama 80, chumba kidogo kitakubana.

BintiNgamiani
Shikamoo mzee, na asante Fundi. Nimefanya jana usiku. Nilitundika kanga nyekundu na buibui kwenye kamba chumbani, balbu moja, f/4, 1/60, kamera zote tatu. Kwa ISO 3200 nikizipunguza kwa ukubwa wa kuchapa, Mark II na 6D sikuzitofautisha, na dada yangu naye hakuzitofautisha. 550D ilijulikana papo hapo.

Kisha ISO 6400, nikainua vivuli stopu mbili, yaani mwanga mara nne. Maandishi ya kanga yalisomeka kwa zote mbili kubwa, lakini kwenye mikunjo ya buibui Mark II ilitoa mistari na 6D ikabaki na chenga laini tu. Kazi yangu nusu ni buibui nyeusi, kwa hiyo nitasubiri 6D.

Kwa sasa nimeazima 50. Mzee, kwenye 550D kwa f/2 na ISO 800 ule mkunjo wa buibui umetoka mweusi, si zambarau.

MzeeLenzi
Marahaba. Kwenye maulidi kaa mbele ya safu, si pembeni yake, nyuso zake ziwe karibu umbali mmoja nawe.