Relativite mu masomo ya shimi hapa Lubumbashi: tuibakishe ama tuitoe?

Kamalondo: Bandugu, kuna benye banasema banafunzi ba shimi baachane na hesabu za relativite (za elektroni zinazokimbia karibu na mwendo wa mwangaza), babakie labo ya shaba na kobalti tu. Mimi nakataa kabisa. Angalia ayidrojeni mu HI (ayidrojeni imeshikana na iyodini), iyodini ni atomu nzito, spini (sumaku ndogo ya ndani) ya elektroni zake inashikana na muzunguko wao na ile nguvu inapita mu kifungo mpaka ku protoni, sasa ukihesabu kinga ya sumaku (vile elektroni zinapunguza sumaku inayofika ku protoni) kwa formula ya Ramsey ya 1950 peke yake, yenye haina relativite, unakosea zaidi ya 10 ppm (sehemu ku milioni), na vipimo vya protoni karibu zote vinajaa ndani ya 12 ppm hivi!

Katuba: Yaya, ile ni mambo ya inchi zenye maordinatere makubwa. Huku umeme unakatika hesabu ikiwa katikati, mutoto akimaliza anatafuta kazi ku mine. Nani atamuuliza iyodini? Kobalti iko namba 27 tu ku tablo ya elementi, si nzito.

Kampemba: Mimi naunga relativite lakini si kwa pertubasio (kuongeza masahihisho madogo juu ya hesabu ya kawaida). Kobalti sawa, elektroni ya ndani inakimbia karibu 20% ya mwendo wa mwangaza, masahihisho madogo yanatosha. Uraniamu ya mine ya Shinkolobwe je? Namba 92, ni 67%, pale pertubasio inavunjika. Tuanze na mulinganyo wa Dirac wa 1928, wenye uko na relativite tangu mwanzo, moja kwa moja, programu za bure ziko.

Kamalondo: Yaya Kampemba, kwa uraniamu uko na haki, mule tusidanganye batoto. Lakini Dirac nzima inamupa mwanafunzi namba moja bila kujua imetoka wapi. Pertubasio unafanya hesabu ya kawaida, unaiweka, kisha unaongeza kipande kwa kipande, masi inayobadilika na mwendo, sahihisho ya Darwin (elektroni inatetemeka kidogo pahali pake), spini-obiti (ile ya spini kushikana na muzunguko), na unaona kila kimoja kimeleta ppm ngapi. Umeme ukikatika, ile ya kwanza iko salama. Na wewe wa Katuba, hiyo kobalti yako: Co²⁺ ukihesabu spini tu unapata magnetoni (kipimo cha nguvu ya sumaku) 3.87, lakini mu labo chumvi zake nyingi zinapima 4.7 mpaka 5.2, juu muzunguko wa elektroni nao unachangia na spini-obiti njo inaufunga na spini. Mutoto wa mine atakuta hiyo namba ku mizani ya sumaku, atamwambia nani maana yake? Tuiweke mwaka wa tatu, kwa pertubasio, na mwenye memwari (kazi ya mwisho wa masomo) ya uraniamu apande ku Dirac.