Ile pesa ya nyumba za bei nafuu tunayokatwa na serikali ya Kenya, anayelala barabarani anapata nini?

Mkaazi_Umoja: Jameni naulizia, mimi nakatwa 1.5% ya mshahara na mdosi anaongeza 1.5% yake, sawa, lakini hawa watu wanalala nje ya maduka barabara ya Tom Mboya, Nairobi, hii pesa inawafikia kweli?

BabaT: Haiwafikii ndugu. Sheria inasema nyumba za jamii ni za wenye kipato chini ya 20,000 kwa mwezi, lakini lazima uwe na kitambulisho, ujisajili Boma Yangu (mtandao wa serikali wa kuomba hizo nyumba), na ulipe kila mwezi. Chokoraa atatoa wapi?

Mama_Shiro: Na korti si ilisema Novemba 2023 yale makato ya kwanza ni kinyume cha katiba, serikali ikarudi na sheria mpya Machi 2024 sasa hadi sisi wa jua kali tumo ndani. Sipingi nyumba, lakini wa barabarani anataka pa kulala leo usiku, si mkopo wa miaka mingi.

Fundi_Mjengo: Mi hizo saiti za kujenga nyumba zimenilisha, msiziue. Shelta kaunti iweke kwa bajeti yake.

Mkaazi_Umoja: Basi nianze na MCA wangu (mwakilishi wa wadi kwa kaunti), akishika simu lakini 😂