Je, jumuiya ya Wakatoliki chuoni ina nafasi kwa mtu anayeuliza?

Mwanafunzi wa Biolojia aliandika:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nasomea biolojia, mwaka wa tatu, katika chuo kikuu cha serikali, na tangu nilipofika nimekuwa mwanajumuiya wa Wakatoliki chuoni. Kwaya yetu ni nzuri, Misa ya Dominika hujaa, Rozari husaliwa kila jioni, na mwenzetu akifiwa au akiugua hatumwachi peke yake. Hayo nayashukuru kwa moyo wote.

Ila kuna jambo linaloniumiza. Muhula uliopita, baada ya vipindi vya mageuko ya viumbe, niliuliza katika mafundisho yetu ya jioni nisomeje sura za kwanza za kitabu cha Mwanzo pamoja na yale ninayojifunza darasani. Sikuuliza kwa ubishi. Kiongozi wetu alijibu kwamba maswali ya namna hiyo ni mlango wa shetani, akaniambia nizidishe sala, kisha akasoma matangazo. Tangu siku hiyo nina maisha mawili: darasani nafikiri bila kusali, na kanisani nasali bila kufikiri.

Nataka kuanzisha kikundi kidogo cha kusoma na kujadiliana ndani ya jumuiya yetu. Je, hilo ni jambo ambalo mlei mwanafunzi anaweza kulibeba, au ni kazi ya mapadre? Na nianzie wapi bila kuonekana najiona msomi kuliko wenzangu, au kwamba naigawa jumuiya?

Mhadhiri wa Historia alijibu:

Milele amina, mwanangu. Nimefundisha historia ya Enzi za Kati kwa miaka mingi, na swali lako limenigusa kwa sababu woga ulioukuta kwa kiongozi wenu haukutawala katika vyuo vikuu vya mwanzo ambavyo Kanisa lilivilea. Papa Gregori IX alipotoa hati ya kulinda haki za Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1231, mjadala ulikuwa tayari ni sehemu ya ufundishaji wenyewe. Baadaye katika karne hiyo ukazoeleka mjadala wa pekee wakati wa Majilio na wakati wa Kwaresima: mwalimu wa teolojia aliyekubali kufanya hivyo aliketi mbele ya hadhara na kupokea swali lolote, kutoka kwa mtu yeyote, kisha siku nyingine akarudi kutoa uamuzi wake na hoja zake. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifanya hivyo mara kadhaa, na majibu yake tunayo mpaka leo.

Fungua Summa Theologiae, kitabu chake kikuu cha teolojia, pale anapouliza kama Mungu yupo. Hakuanza na jibu. Alianza na pingamizi mbili, wala hakuchagua zilizo dhaifu: ya kwanza ni kwamba uovu upo, nao usingekuwapo kama wema usio na mwisho ungekuwapo, ya pili ni kwamba mambo yote tunayoyaona yanaweza kuelezwa kwa nguvu za maumbile na kwa akili na utashi wa binadamu, hivyo hakuna haja ya kumtaja Mungu. Hizo ndizo hoja utakazozisikia bwenini usiku wa leo, na mtawa wa karne ya 13 aliziweka ndani ya kitabu alichokikusudia kwa wanaoanza kusoma teolojia. Ningependa kikundi chenu kianzie kwenye ukurasa huo mmoja. Mmoja wenu alieleze pingamizi kwa uaminifu kiasi kwamba asiyeamini, akiwa amekaa nyuma, aseme, “Ndivyo hasa ninavyofikiri.” Mpaka hapo msijibu neno.

Kuhusu mageuko, usibebe mzigo usio wako. Papa Pio XII aliandika mwaka 1950 kwamba wataalamu hawakatazwi kuchunguza kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe hai vilivyotangulia, huku Kanisa likishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Papa Yohane Paulo II naye aliwaandikia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa mwaka 1996 kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu. Na kanuni za urithi unazozitumia maabara zilichapishwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Agostino aliyeotesha njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno.

Mwenyekiti wa Zamani alijibu:

Kaka, mimi nilianzisha kikundi cha aina hiyo nilipokuwa mwanafunzi, nacho kilikufa kabla ya mihula miwili kwisha. Naeleza sababu ili usizirudie.

Tulikuwa saba, wanaume watupu, na wote tulipenda kushinda. Tulisoma vitabu vya kutetea imani kama mtu anavyokusanya mawe ya kurusha. Mwenzetu mmoja mkimya, aliyekuja na shaka ya kweli baada ya kufiwa na mama yake, alihudhuria mara mbili tu, kwa sababu kila alipofungua kinywa alipewa hoja tano na hakuna aliyemuuliza analala vipi usiku. Tuliwacheka wanakwaya kwamba wanaimba wasichokielewa. Tulijaribu kumaliza kwa wiki moja waraka wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1998 juu ya imani na akili, tukaurukia kurasa, na mwishowe hatukuwa na tulichokielewa kuliko hao tuliowacheka. Jambo hili bado linanisikitisha.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mwenyeheri Frederic Ozanam. Alikuwa mwanafunzi wa sheria mjini Paris, naye pamoja na wenzake walikuwa na jukwaa la mijadala ya historia ambako waumini na wasioamini walipambana kwa hoja. Siku moja wapinzani wao walikubali kwamba Ukristo ulitenda makuu zamani, kisha wakauliza: nyinyi mliopo leo mnafanya nini? Ozanam hakulitafutia swali hilo hoja. Mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 20, alianza pamoja na marafiki wachache kuzitembelea familia maskini, wakiongozwa na Sista Rosalie Rendu aliyezifahamu nyumba hizo moja moja, na hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kikundi chako kisikutane kwa ajili ya kujadili tu. Kiwe na wagonjwa wa kuwatembelea.

Dada wa Hisabati alijibu:

Nakubaliana na Mwenyekiti kuhusu kiburi, lakini kuna sehemu ninayomwomba aitazame tena. Mara nyingi nimeona jumuiya zikikimbilia huduma ili zisiguse maswali, na mtu anayeuliza akapewa ufagio. Ozanam mwenyewe hakuacha masomo baada ya kuwaona maskini. Aliendelea hadi akawa profesa wa fasihi ya kigeni katika Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, na aliendelea kufundisha na kuwatembelea maskini kwa wakati mmoja. Huduma haikuchukua nafasi ya akili yake.

Mimi naandika tasnifu ya udaktari, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba saa ninazokaa na milinganyo ni saa nilizomnyang’anya Mungu. Aliyenisaidia ni Mtakatifu Edith Stein. Alikuwa mwanafalsafa, msaidizi wa Edmund Husserl mjini Freiburg, Myahudi aliyekuwa ameacha kusali tangu ujanani, akabatizwa tarehe 1 Januari 1922. Mwanzoni alidhani kuongoka kunamtaka aache kazi ya kitaaluma kabisa. Ni kwa kumsoma na kumtafsiri Thoma wa Akwino ndipo alipotambua kwamba utafiti wenyewe unaweza kuwa namna ya kumtumikia Mungu, akarudi kwenye kazi hiyo na hakuiacha hata baada ya kuingia monasteri ya Wakarmeli. Aliuawa katika kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1942.

Kwa sababu hiyo, ndugu yangu wa biolojia, nakushauri msisome vitabu vya dini peke yake. Kila mmoja alete swali linalotoka katika kitivo chake: anayesomea udaktari alete suala la mgonjwa aliye karibu kufa na mashine zinazompa pumzi, anayesomea uchumi aulize ujira wa haki hupimwaje, wewe lete mageuko. Na muwe na nidhamu ya kutochanganya njia. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, hakupenda nadharia yake itumiwe kuwa ushahidi wa uumbaji, hata pale Papa Pio XII alipoelekea kuzihusisha habari hizo mbili katika hotuba ya mwaka 1951. Lemaître alisisitiza kwamba hesabu zake ni za fizikia, na mwenye imani na asiye nayo wanaweza kuzikagua sawasawa. Padre huyo anapaswa kujulikana katika kila jumuiya ya chuo.

Padre Mlezi alijibu:

Kijana wangu, kwanza naomba radhi kwa jibu ulilopewa. Nimewalea wanafunzi katika vyuo viwili, na nakiri kwamba wakati mwingine sisi viongozi huwafukuza wanaouliza kwa sababu hatujui la kujibu na tunaona aibu kusema hivyo.

Kuhusu swali lako kama hii ni kazi ya mapadre, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, uliagiza kwamba hata katika vyuo visivyo vya Kikatoliki kuwe na vituo ambamo mapadre, watawa na walei walioandaliwa vema watawapa vijana msaada wa kudumu, wa kiroho na wa kiakili pia. Walei wametajwa waziwazi. Kwa hiyo huombi upendeleo.

Lakini nenda kwanza kwa kiongozi wenu, peke yako, usiende na kundi. Mweleze ulivyoumia na umwombe awemo. Pia kutaneni mahali palepale jumuiya inaposali, mara baada ya Masifu ya Jioni, ili wanaosali na wanaosoma wawe watu walewale. Mtakatifu Agostino, kabla ya ubatizo wake wa Pasaka ya mwaka 387, alikaa miezi kadhaa mashambani, mahali paitwapo Cassiciacum, pamoja na mwanawe, rafiki zake na wanafunzi wake, wakijadili ukweli na furaha na asili ya uovu. Mama yake Monika hakuwa amesoma shule za ufasaha kama wao, lakini alikuwamo mjadalani, na mara nyingine neno lake ndilo lililofungua fundo walilokwama nalo wasomi. Mwiteni mama mpishi wa kituo chenu. Mwiteni mwanakwaya.

Na lisipopatikana jibu jioni hiyo, liandikeni swali kwenye daftari na mlirudie. Swali linaweza kukaa muhula mzima bila kumdhuru mtu, mradi asikae nalo peke yake.

Mwanafunzi wa Biolojia aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na Padre, shikamoo. Nilikwenda kwa kiongozi wetu jana. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwamba yeye anasomea uhandisi, hajawahi kusoma lolote juu ya mageuko, na siku ile aliogopa kunipoteza. Atakuwamo. Tutaanza Jumatano ijayo tukiwa tisa, wanne kati yetu wakiwa wanakwaya, kwa ukurasa ule wa pingamizi mbili, na kila Jumamosi tutakwenda wodini.

Limebaki jambo moja. Ninayeshirikiana naye maabara ni Mwislamu, na amesema angependa kuja kusikiliza. Wengine wanaona tusubiri hadi tuwe imara.

Mhadhiri wa Historia alijibu:

Msisubiri. Thoma huyo mtakayemsoma alijifunza mengi kwa mwanafalsafa Mwislamu Ibn Sina, alimtegemea Mwislamu mwingine, Ibn Rushd, katika kumfafanua Aristotle hata akamwita kwa heshima “Mfafanuzi”, na alimnukuu Myahudi Musa bin Maimuni kama mwalimu, hata pale alipompinga. Mpe rafiki yako nakala ya ukurasa ule kabla ya Jumatano, ili aje akiwa ameusoma kama ninyi, na pingamizi ya pili aieleze yeye akipenda.