Anayeanza reli za mfano: afuate uhalisia au abuni njia yake?

Mpenda Garimoshi:
Ndugu zangu, nina ubao wa plaiwudi wa mita 1.2 kwa 2.4 na ninataka kujenga reli yangu ya kwanza ya mfano kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko halisi. Moyo wangu uko kwenye njia ya Mombasa hadi Nairobi ya mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, lakini kila ninapochora, stesheni halisi haienei. Je, anayeanza ajibane katika uhalisia, au ana ruhusa ya kubuni?

Mataruma:
Hesabu inakujibu, ndugu. Kona halisi yenye nusu kipenyo cha mita 200 ingekuwa na nusu kipenyo cha mita 2.3 kwa kipimo hicho, na treni ya mita 400 ingefika mita 4.6, karibu mara mbili ya urefu wa ubao wako. Isitoshe, reli za 1:87 zinazouzwa kwa wingi zina upana wa milimita 16.5, unaowakilisha njia ya milimita 1,435, ilhali njia yetu ya upana wa mita moja inadai reli za milimita 12. Kila mjenzi hubuni mahali fulani, kwa hiyo usione haya.

Kipenga:
Naunga mkono. John Allen wa California, katika reli yake ya mfano ya Gorre & Daphetid, alibuni milima, madaraja na hata dinosauri wa kusogeza mabehewa, na bado wajenzi wanamheshimu kwa jinsi alivyochora kutu na vumbi. Jenga kinachokufurahisha.

Mlinzi wa Stesheni:
Nawaheshimu wenzangu, ila nasisitiza jambo moja: uhuru bila sababu humchosha anayeanza, kwa maana treni inayozunguka bila mahali pa kwenda haimpi kazi ya kufanya. Allen McClelland wa Marekani alibuni kampuni nzima ya reli, Virginian & Ohio, lakini aliiweka katika milima ya Appalachia na kuipa makaa ya mawe ya kubeba, hivyo kila behewa likawa na safari yake. Nawe buni stesheni moja ndogo kati ya Voi na Mtito Andei, uipe tangi la maji, njia ya kupishana na tawi fupi la kupakilia mkonge. Punguza urefu wa kila kitu, lakini usiondoe kazi yake. Garratt hiyo, iliyozidi mita 31, itakuwa na takriban sentimita 36, kwa hiyo pima njia ya kupishana itoshe injini na mabehewa matano kabla hujapigilia msumari wowote. Ukikosa reli za milimita 12, anza na za 16.5, kwani mpangilio mzuri wa kazi utauhamishia kwenye ubao wa pili bila kupoteza chochote.